Ganzi ya miguu kwa anayetumia metformini: nitajuaje mapema kama ni B12 na si sukari peke yake?

TabibuWaKituo

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaozijua neva vizuri.

Ni kliniki ya kisukari katika kituo cha afya. Tuna mashine ya picha kamili ya damu, darubini na kipimo cha sukari. Kipimo cha vitamini B12 hatuna. Sampuli ikihitajika inasafirishwa hadi mjini na mgonjwa analipia mwenyewe. Wagonjwa wengi wanameza metformini, dawa ya sukari, gramu 2 kwa siku, wengine huu ni mwaka wa sita au wa kumi. Malalamiko ya miguu yanafanana: nyayo zinawaka moto usiku, sisimizi wanatembea, "nakanyaga kama nimevaa soksi". Kwenye faili inaandikwa "neva za sukari", mgonjwa anapewa vidonge vya B mchanganyiko, basi.

Metformini huzuia B12 isifyonzwe, na wasiwasi wangu ni kwamba humo wamo wenye upungufu wa B12 na tunawapita. Mfano: mama wa miaka 58, metformini gramu 2 kwa miaka tisa, na omeprazoli karibu kila siku kwa kiungulia. HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) 6.8. Hb (himoglobini, wingi wa damu) 12.4. Ana ganzi ya nyayo miezi minne, na sasa vidole vya mikono pia. Anatembea vizuri tu.

Naomba kujua dalili gani zinatangulia kabla mtu hajaanza kuyumba. Nitatofautishaje na ganzi ya sukari kwa vifaa vya kawaida? Na je, Hb ya 12.4 inatosha kuniambia kwamba B12 haina shida?

Neva_na_Uti

Tabibu, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalopoteza wengi. Hapana, Hb nzuri haimwokoi mgonjwa. Mwaka 1988 Lindenbaum na wenzake, Marekani, walieleza wagonjwa 141 wenye matatizo ya neva na akili yaliyoletwa na upungufu wa B12. Kati yao 40, yaani asilimia 28, hawakuwa na upungufu wa damu wala chembe nyekundu kubwa. Anayesubiri damu ishuke ndipo aifikirie B12 atawakosa wengi, tena wale ambao bado wangepona kabisa.

B12 inahitajika kutunza mayelini, ule utando wa mafuta unaozifunika neva. Ikipungua, nyuzi nene na ndefu ndizo zinazoumia mapema, hasa zile zinazopita nyuma ya uti wa mgongo zikipeleka ubongoni habari za mtikisiko na za mahali kiungo kilipo. Maumivu na joto hupita njia nyingine. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kusikia sindano vizuri, ukaandika "hisia ziko sawa", kumbe hajui kidole chake cha mguu kimeelekea wapi.

Kabla ya kumgusa, muulize mambo ya nyumbani. Akifumba macho kujimwagia maji usoni bafuni, au kuosha uso wakati wa kutia udhu, anayumba? Ndala inamvuka akaendelea kutembea bila kujua? Umeme ukikatika usiku anashika ukuta? Anashindwa kufunga vifungo vya nguo bila kutazama, au kutambua sarafu kwa vidole ndani ya pochi? Anapoinamisha shingo, kuna shoti inayoshuka mgongoni? Mchana wenye mwanga, macho yanafanya kazi ya miguu. Ndiyo maana mama wako "anatembea vizuri tu". Ondoa macho uone.

Vipimo vya mikono, kwa mpangilio ninaoupendekeza:

Mtikisiko. Tumia ule uma wa chuma wa herzi 128. Wa 512 ni wa masikio. Uweke kwanza kwenye mfupa wa kifua ili mgonjwa ajue anachotakiwa kusikia, maana wengi hujibu "nasikia" wakimaanisha ubaridi wa chuma. Kisha afumbe macho. Gonga uma, simamisha kitako chake juu ya mfupa wa kiungo cha kidole gumba cha mguu, umwambie aseme ukianza na aseme ukiisha. Akisema umeisha, uhamishie hapo hapo kwenye kidole gumba chako mwenyewe. Ukiendelea kuusikia kwa zaidi ya sekunde 10 hivi, hisia yake imepungua. Asiposikia kabisa, panda kwenye kifundo cha mguu, goti, mfupa wa nyonga, uandike ulipofika. Kwa mtu wa miaka 75 kukosa mtikisiko kwenye kidole peke yake hakuna uzito mkubwa. Kwa wa miaka 58 kuna.

Mahali pa kiungo. Shika kidole gumba cha mguu pembeni, kushoto na kulia. Ukishika juu na chini atakisia kwa mgandamizo wa vidole vyako. Kisogeze milimita chache juu au chini bila mpangilio, mara kumi, macho yamefumbwa. Asiyejua hubahatisha nusu, kwa hiyo majibu sita sahihi kati ya kumi si mafanikio.

Kusimama. Miguu pamoja, mikono pembeni, kwanza macho wazi halafu afumbe kwa sekunde 30. Simama karibu uweze kumdaka. Ukianza kuona anasogeza mguu kujizuia alipofumba tu, ilhali macho wazi alitulia, tatizo ni habari za miguu kutofika. Akiyumba hata macho yakiwa wazi, fikiria pia ubongo mdogo wa nyuma au sikio la ndani. Kisha hatua kumi za kisigino kugusa ncha ya kidole.

Nyundo. Hapa ndipo kisukari na B12 huachana. Kisukari kinaua mrejesho (kule kuruka kwa mguu ukigongwa) wa kifundo cha mguu na hatimaye wa goti, na ukikwaruza unyayo vidole vinakunjika chini. B12 inaweza kuua kifundo, lakini goti likarusha mguu kwa nguvu kupita kawaida, na unyayo ukikwaruzwa kidole gumba kikapanda juu. Goti lenye nguvu kupita kiasi au kidole kinachopanda havielezwi na neva za sukari hata siku moja. Ukikuta hivyo, uti wa mgongo umeguswa: na B12, au na kitu kingine ambacho nacho hakisubiri, kama TB ya pingili, VVU, au shingo iliyobana uti.

Na mikono. Ganzi ya sukari hupanda kama maji kisimani: huanzia vidole vya miguu, na mikono huanza ikiwa miguuni imeshakaribia goti. Mgonjwa wako ana ganzi ya nyayo tu na tayari vidole vya mikono vimeingia. Mikono na miguu kuanza karibu pamoja ni dalili nzito ya B12. Mpime pia kama neva ya kiganja imebanwa kwenye kifundo cha mkono, maana wenye kisukari hupata sana: gonga katikati ya kifundo hicho upande wa kiganja, uliza kama ganzi inakwepa kidole kidogo.

Ongeza kuangalia ulimi kama ni laini, mwekundu, unauma kwa pilipili. Angalia pia vifundo vya vidole na viganja. Kwa watu weusi upungufu wa B12 huweka weusi wa ziada hapo na kwenye kucha, na huondoka kwa matibabu. Wengi wanadhani ni jua au sabuni. Waulize jamaa zake kuhusu usahaulifu, hasira za ghafla, kununa. Hayo nayo yanaweza kutangulia miguu.

Uzi ule wa gramu 10 wa kubonyeza unyayo mnaotumia kliniki ni mzuri kwa kuzuia vidonda, lakini unapima mguso. Uzi ukiwa sawa haujasema lolote kuhusu mtikisiko.

MezaYaMaabara

Niongezee upande wa benchi, kwa sababu hiyo mashine na darubini mlizonazo zinaweza kusema mengi kabla ya kusafirisha chochote.

MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, ikiwa juu ya 100 inasaidia, lakini MCV ya kawaida hairuhusu kulala. Ukanda wa pwani una watu wengi wenye thalasemia ya alfa (ugonjwa wa damu wa kurithi) iliyo nyepesi, na upungufu wa madini ya chuma upo kila mahali. Vyote viwili hufanya chembe ziwe ndogo. Mtu mwenye chuma kidogo na B12 kidogo anatoka na MCV ya 88, kila mtu anafurahi. Angalia RDW, kipimo cha tofauti za ukubwa wa chembe: ikiwa juu na MCV ya katikati, kuna chembe kubwa na ndogo zimechanganyika. Na kinyume chake: MCV ya juu kwa anayetumia zidovudini ya VVU, haidroksiyurea ya selimundu, au pombe kwa wingi, haina maana ya B12 moja kwa moja.

Tengeneza slaidi. Hesabu chembe nyeupe aina ya nyutrofili 100. Zikiwa 5 au zaidi zenye kiini chenye ndimi (vipande) tano, au ukaona hata moja yenye ndimi sita, andika kwenye jibu. Mashine haikuambii hilo. Kosa la kawaida ni kuangalia ncha ya slaidi ambako chembe zimetandazwa na kupasuka. Kaa pale chembe nyekundu zinapogusana kidogo tu.

Sampuli ya B12: chota kabla ya sindano yoyote na kabla ya vidonge vya B, kwa sababu ukishampa kiwango kitapanda, na jibu halitakuwa na maana kwa miezi. Tenganisha siramu (maji ya juu ya damu iliyoganda), weka kwenye friji, funika na karatasi ya foili kwani mwanga unaiharibu. Kusoma jibu: chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la shaka, na kwa mwenye dalili za neva eneo la shaka litendewe kama upungufu. Maabara nyingine huandika pikomoli kwa lita. Zidisha pikogramu kwa 0.738, kwa hiyo 200 ni sawa na 148 hivi. Nimeona watu wakisoma 190 ya pikomoli kama 190 ya pikogramu, na kinyume chake.

Kwa wenye anemia ya kukosa kiini cha tumbo (protini ya tumboni inayosaidia kufyonza B12), mashine za B12 wakati mwingine hutoa jibu la kawaida la uongo, kwa sababu kingamwili za mgonjwa huingilia kipimo. Uma wa Daktari hapo juu ukisema kitu na karatasi ikasema kingine, usiutupe uma.

Pia HbA1c: B12 ikipungua chembe nyekundu huishi katika damu zikiwa zimezeeka, na HbA1c inaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Akitibiwa, inashuka bila sukari kubadilika. Usikimbilie kuongeza dawa ya sukari wakati huo.

TabibuWaKituo

Asanteni sana. Mama amepimwa leo kwa mpangilio huo. Mtikisiko: vidole gumba vyote viwili hasikii kabisa, vifundo anasikia kidogo. Kidole juu au chini: sahihi 5 kati ya 10. Kufumba macho: aliyumba sekunde ya sita. Kifundo cha mguu hakijibu nyundo, goti linaruka vizuri mno, unyayo wa kulia kidole kimepanda. Slaidi ina nyutrofili mbili zenye ndimi sita. Damu imechotwa na kufungwa foili. Jibu la mjini ni siku nne hadi saba.

Nimsubiri? Dukani kuna vidonge vya B mchanganyiko na ampuli za B mchanganyiko. Na ana FEFO (vidonge vya chuma na asidi foliki) alizopewa zamani, anaendelea kuzimeza.

Mfamasia_Makini

Usisubiri. Damu imeshachotwa, dalili za uti zipo. Kila wiki inayopita ni hasara, na B12 haina sumu ya kukuogopesha.

Kwa mwenye dalili za neva, hidroksokobalamini mikrogramu 1,000 kwenye msuli, siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka maendeleo yafike kikomo, kisha kila miezi miwili. Kama kilichopo ni sianokobalamini peke yake: mikrogramu 1,000 kila siku kwa siku saba, halafu kila wiki kwa wiki nne, halafu kila mwezi. Ampuli za mchanganyiko soma lebo. Nyingi zina B12 ya mikrogramu 1,000 na zinaweza kuanzia kazi wakati unatafuta ile safi, mradi zisiwe za kudumu.

Sasa vidonge vya mchanganyiko, hapa naomba kila mwenye duka asome. Chukua lebo: si ajabu kukuta B6 miligramu 200 na B12 mikrogramu 200 kwa kidonge kimoja. Piga hesabu. B12 inayomezwa bila msaada wa kiini cha tumbo hupenya asilimia 1 hivi tu. Kidonge cha mikrogramu 200 kinaingiza mikrogramu 2, wakati mahitaji ya siku kwa mtu mzima ni 2.4. Hakijazi ghala lililokauka. Wakati huo huo, akimeza vitatu kwa siku anapata B6 miligramu 600, na B6 ya kiwango cha miligramu mia kadhaa kwa muda mrefu inaua yenyewe chembe za neva za hisia: ganzi, nyayo kuwaka, kuyumba akifumba macho. Mgonjwa anarudi dukani akisema ganzi imezidi, anaongezewa vidonge. Ukikuta mtu ana ganzi inayozidi na ametumia "vidonge vya neva" kwa miezi, hesabu miligramu za B6 kabla ya lolote. Goti kwa hao huwa halina nguvu ya ziada na kidole gumba hakipandi.

Vidonge vya B12 safi vya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa siku vinafanya kazi kwa asilimia ile ile 1, lakini kwa mgonjwa mwenye kidole gumba kinachopanda anza na sindano.

FEFO: simamisha asidi foliki kwa sasa, na uirudishe baada ya B12 kuanza kama anaihitaji. Foliki peke yake huirekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika, na inawezekana ndiyo iliyomshikilia Hb ya 12.4. Tahadhari hiyo hiyo iwepo kwa watu wazima wa selimundu wanaomeza foliki miligramu 5 kila siku miaka yote.

Metformini usiiache. Inazuia B12 isifyonzwe mwishoni mwa utumbo mwembamba, na omeprazoli inapunguza asidi inayoitoa B12 kwenye nyama, lakini sindano inapita nje ya njia hizo zote. Omeprazoli ndiyo ya kuulizia: nani alimwambia ameze kila siku, na je, amepimwa bakteria wa tumbo? Akipata sindano ya usingizi siku za karibuni, andika kwenye faili kwa herufi kubwa kwamba gesi ya naitrasi oksaidi asipewe. Inaizima B12 iliyobaki, na mtu aliyekuwa na ganzi tu anaweza kushindwa kutembea ndani ya wiki.

Kama Hb ingekuwa 5 au 6 ningesema pia pima potasiamu siku za kwanza, kwani damu mpya ikianza kutengenezwa kwa kasi huimeza. Kwake hakuna haja.

LisheBora

Naona mjadala umekaa kwenye B12, na kwa mgonjwa huyu ni sawa. Ila kituoni hapo hapo watapita wengine ambao nyayo zinawaka kwa sababu tofauti, na sahani ndiyo inayotofautisha.

Ghala la B12 mwilini ni miligramu 2 hadi 5, linachukua miaka kuisha. Ndiyo maana mchunga ng'ombe anayekunywa maziwa, au mla dagaa na maini, hapati upungufu kwa chakula. Akiupata, tafuta dawa au tumbo. Thiamini, yaani B1, ni tofauti kabisa: ghala lake ni miligramu 25 hadi 30 na linaisha ndani ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo ganzi ya B1 inakuja kwa haraka, kwa watu walioishi kwa wali mweupe au sembe bila kitoweo, walevi, waliotapika muda mrefu, waliofungiwa sehemu moja: magereza, kambi, bweni, mashua ya uvuvi wa wiki nyingi. Mwaka 2009 hadi 2010 askari wa Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, waliotoka Uganda na Burundi, walianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Zaidi ya 200 waliugua na wapo waliofariki. Ilionekana ni beriberi, ugonjwa wa kukosa B1. Vijana wenye afya, wenye chakula cha kutosha tumboni.

Dalili ya kwanza ya B1 si ganzi peke yake. Ni misuli ya shavu la mguu, nyuma chini ya goti, kuuma ukiibana, kukakamaa usiku, uchovu, mapigo ya moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo. Mwambie achuchumae kisha asimame bila kushika chochote. Anayeshindwa kusimama, au anayepanda kwa kushika mapaja yake, mshuku. Kipimo hiki hakihitaji hata kiti. Akivimba miguu na moyo ukienda mbio usimpe dawa ya kukojoa peke yake ukamwacha. Mpe thiamini; wenye beriberi ya moyo huonyesha nafuu ndani ya saa hadi siku chache, na nafuu hiyo ndiyo inayothibitisha ugonjwa.

Upungufu wa niasini, yaani B3, ni wa wala mahindi. Niasini ya mahindi imefungwa na mwili hauipati, isipokuwa yakichemshwa na chokaa kama wanavyofanya Wameksiko. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990 walipokosa karanga kwenye posho yao, zaidi ya 17,000 walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Neva hapa huanza kwa kukosa usingizi, kukasirika, kukosa hamu ya lolote, na mdomo kuwaka. Ngozi ndiyo ushahidi: weusi wenye magamba shingoni kama mkufu, nyuma ya viganja, sehemu zenye jua tu, sawa pande zote mbili. Nikotinamidi (aina ya niasini) miligramu 300 kwa siku, ukigawa mara tatu, kwa wiki tatu hadi nne, pamoja na karanga, kunde, samaki. Badilisha chakula pia. Dona ni bora kuliko sembe kwa thiamini, lakini niasini yake bado imefungwa. Asidanganywe kwamba dona peke yake inatosha.

Anayetumia isoniazidi ya TB ana mitego miwili. Dawa inapoteza B6, na B6 ikikosekana mwili unashindwa pia kutengeneza niasini. Kinga ni piridoksini, yaani B6, miligramu 25 kwa siku. Nyayo zikishaanza kuwaka, 50 hadi 100 kwa siku mpaka zitulie, kisha urudi kwenye 25. Wajawazito, wenye VVU, kisukari, figo na walevi wasianze isoniazidi bila hiyo.

Na mihogo michungu. Konzo iliyopatikana Tarime katikati ya miaka ya 1980 inatokana na sianidi ya mihogo ambayo haikulowekwa au kukaushwa vya kutosha. Si vitamini. Miguu inakakamaa ghafla, ndani ya siku moja au chache, halafu haiendelei. Mtikisiko na hisia ziko sawa. Ukikuta magoti yenye nguvu na mgonjwa anausikia uma vizuri, uliza jinsi unga wa mihogo ulivyotengenezwa na kama jirani yake naye yuko hivyo hivyo.

Mkunga_Zamu

Samahani kuingilia. Mjamzito wa wiki 12, anatapika wiki ya nne, yuko kwenye dripu ya dekstrozi (maji ya sukari) siku tatu. Tangu jana anasema anaona vitu viwili viwili na anayumba kwenda chooni. Presha nzuri, malaria hakuna. Ni uchovu au ndiyo hiyo B1?

Neva_na_Uti

Dada, chukulia ni B1 sasa hivi, maswali baadaye. Kutapika wiki nne kunamaliza ghala, na dekstrozi inaiteketeza thiamini kidogo iliyobaki. Usisubiri dalili zote tatu za kitabuni, yaani macho, kuyumba na kuchanganyikiwa. Wachache tu huwa nazo zote. Mbili kati ya hizi nne zinatosha kuanza tiba: lishe mbaya, macho kutotulia au kuona mbili, kuyumba, na akili au kumbukumbu kubadilika. Yeye anazo tatu.

Thiamini miligramu 500 kwenye mshipa, ndani ya mililita 100 za saline (maji ya chumvi), ipite kwa dakika 30, mara tatu kwa siku kwa siku mbili hadi tatu, kisha 250 kila siku. Simamisha dekstrozi na umwekee saline, isipokuwa sukari yake imeshuka. Ikishuka mpe glukosi na thiamini pamoja, usimnyime glukosi. Kama mna ampuli za 100 au za B mchanganyiko tu, anza na zilizopo huku gari la rufaa likiandaliwa, na uandike kiasi gani umempa. Magnesiamu ikiwa chini, thiamini haifanyi kazi; waambie hospitalini waipime. Macho yakianza kutulia ndani ya saa chache hadi siku mbili umepata jibu lako. Kumbukumbu ikishapotea hairudi kirahisi, ndiyo sababu ya haraka hii. Na wengine wote mlio nao wodini wanaotapika zaidi ya wiki mbili, thiamini miligramu 100 itangulie kila dripu ya dekstrozi.

Tabibu, kwa mama wako: mwambie mapema kwamba kuchomachoma kunaweza kuongezeka wiki za kwanza baada ya sindano, vinginevyo ataacha. Rudia uma na kufumba macho wiki ya pili, ya sita, na mwezi wa tatu, ukiandika sekunde na mfupa uliofikia, si neno "nafuu". Mtikisiko ukishuka kutoka kifundo hadi kidole, au sekunde sita zikawa ishirini, unaenda vizuri. Nafuu kubwa hutokea miezi mitatu hadi sita ya kwanza na inaweza kuendelea mpaka mwaka. Usipoona mabadiliko yoyote kufikia mwezi wa tatu, au akianza kushindwa kukojoa, au ganzi ikapanda ikaacha mstari tumboni au kifuani, mpeleke apigwe picha ya uti wa mgongo, na mwenye mstari huo au anayeshindwa kukojoa aende siku hiyo hiyo.

TabibuWaKituo

Jibu la mjini limerudi: 132 pikogramu. Sindano ya nne imepita. Nimeanza kupitisha uma kwa kila mwenye metformini zaidi ya miaka minne, kwa kufuata namba za faili. Naomba mwenye fomu nzuri ya ukurasa mmoja ya kuandikia mtikisiko, kidole, sekunde za kufumba macho na nyundo aiweke hapa.

MezaYaMaabara

Naweka kesho asubuhi. Ongeza safu ya tarehe ya sampuli na safu ya sindano ya kwanza, ili yeyote atakayesoma ajue damu ilichotwa kabla au baada.